Ana miezi tisa na bado ananyonya usiku kucha: nimkatize?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 27, naishi Tabata na mume wangu, mtoto wetu wa kwanza na dada wa kazi. Mtoto ni wa kiume, juzi ametimiza miezi tisa. Likizo ya uzazi ilipoisha nilirudi kazini, ofisi iko Ilala. Mwanzoni nilikuwa nakamua maziwa namwachia, lakini kufika miezi mitano nikashindwa kuendelea, tukaanzisha uji.

Kinachonishangaza ni kwamba alipokuwa na miezi mitatu alikuwa analala vizuri kuliko sasa. Alikuwa akinyonya saa nne usiku anaamka mara moja tu, saa tisa, basi. Sasa hivi ni saa tano, saa saba, saa nane na nusu, saa kumi, na saa kumi na moja kengele ya simu inaniamsha mimi. Nikimnyima analia mpaka mpangaji wa chumba cha pili anagonga ukuta. Wakati mwingine namnyonyesha sebuleni, nashtuka kumekucha nimesinzia naye kwenye kochi. Kwenye daladala nalala nimesimama. Wiki iliyopita nilipitiliza Karume, nikashtukia niko Mnazi Mmoja.

Mchana sina tabu naye kwa sababu sipo. Natoka saa kumi na mbili asubuhi, foleni ikiwa mbaya narudi saa moja na nusu usiku. Dada anampa chai ya maziwa na andazi asubuhi, mchana uji wa kwenye chupa, jioni uji tena. Anasema mtoto si mlaji. Mimi nikiingia tu ananing'ang'ania, hata viatu sijavua.

Kila mtu ana lake. Mama mkwe anasema nipake shubiri, au nimpeleke kwake Handeni wiki mbili asahau ziwa. Jirani anasema nimpe nusu kijiko cha piritoni, wanawe wote wamekua hivyo. Mume wangu anasema namdekeza, na siku mtoto akisumbua sana yeye anahamia kwa rafiki yake. Kliniki wanasisitiza nimnyonyeshe mpaka miaka miwili. Uzito wake mwezi huu ni kilo 7.6, sawa na wa miezi miwili iliyopita, ila amechangamka, anatambaa na haumwi.

Naomba uniambie, mtoto anaacha lini kuhitaji kunyonya usiku? Na nifanyeje aache bila kumtesa? Siku zangu hazijarudi tangu nijifungue, kwa hiyo mambo ya uzazi wa mpango hatujayagusa, nasema nisije nikakuchanganya kwa mengi.

Mama mchovu, Tabata

*

Marahaba mwanangu, na pole. Kuamka mara nne usiku halafu kuwahi daladala alfajiri ni mzigo wa kweli, na hakuna anayeubeba kwa sababu ya kudekeza.

Swali lako la kwanza nitalijibu moja kwa moja. Tarehe maalumu haipo. Mtoto mchanga ananyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku na mchana kwake ni mamoja, kwa kuwa tumbo lake ni dogo na maziwa ya mama yanasagika upesi. Kuanzia miezi mitatu minne mwili unaanza kuutambua usiku, na wengi wanaweza kukaa muda mrefu zaidi bila kula. Mtoto anayetumia maziwa ya kopo, mwenye afya na anayekua vizuri, kwa kawaida akivuka miezi sita anaweza kupitisha usiku bila chupa. Kwa anayenyonya ziwa, ushauri wa kawaida wa wataalamu ni kusubiri mpaka karibu mwaka mmoja kabla ya kumwachisha usiku kwa makusudi. Kuna wanaoacha wenyewe mapema zaidi, kuna wanaoendelea mwaka wa pili, na wote ni wazima.

Halafu usidhani wa kwako ni wa ajabu. Mwaka 2015 huko Uingereza ulitolewa utafiti uliohusisha akina mama 715 wenye watoto wa miezi 6 hadi 12. Watoto 78 katika kila 100 walikuwa bado wanaamka angalau mara moja usiku, na 61 katika kila 100 walikuwa bado wananyonya au kunywa maziwa usiku. Kuna jambo jingine humo linalokugusa zaidi: watoto waliokula na kunywa maziwa zaidi mchana walinyonya kidogo usiku, ingawa kuamka waliamka vilevile. Maana yake kuamka ni jambo moja na njaa ni jambo jingine. Hiyo ya pili inatibika kwa chakula cha mchana.

Sasa nirudi kwenye sentensi uliyoipita haraka. Uzito wa leo ni ule ule wa miezi miwili iliyopita. Mwanangu, hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika barua yako, kuliko hata usingizi wako. Toa kadi ya kliniki uitazame: mstari uliokuwa unapanda sasa umelala. Mtoto wa miezi saba hadi tisa anatakiwa aongezeke kila mwezi, hata kama ni kidogo. Kuchangamka na kutambaa ni dalili nzuri, lakini kadi inasema hapati chakula cha kumtosha. Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba usimwachishe kunyonya usiku kwa sasa. Umri wake si hoja. Hoja ni hiyo kadi.

Tazama siku yake ilivyo. Kati ya miezi 6 na 12 maziwa ya mama yanampa mtoto nusu au zaidi ya nguvu anayohitaji. Wa kwako anakaa zaidi ya saa 13 bila tone la maziwa yako, na kinachojaza nafasi hiyo ni chai, andazi na uji wa chupa. Mama anaporudi, ndipo anapoanza kula siku yake. Saa tano, saa saba, saa nane na nusu na saa kumi ndiyo milo yake, ameihamishia wakati ambao wewe upo. Ukiikata leo utakuwa umemnyang'anya sahani kabla hujamwekea nyingine. Huenda hii ni sababu mojawapo ya yeye kulala vizuri akiwa na miezi mitatu na sasa halali: wakati ule alishiba mchana.

Tuanze na chai. Iondoe kabisa. Majani ya chai yanauzuia mwili kunyonya madini ya chuma, na mtoto akishavuka miezi sita ile akiba ya chuma aliyozaliwa nayo inakuwa inaisha, hivyo anayahitaji mno kutoka kwenye chakula. Tena sukari na maji ya chai vinamjaza tumbo bila kumjenga.

Uji wa chupa nao tuachane nao. Uji unaoweza kupita kwenye chuchu ya chupa ni maji mengi na unga kidogo. Mtoto anakunywa, tumbo linajaa, dakika chache baadaye limeisha. Uji wa mtoto unalishwa kwa kijiko, na kipimo chake ni hiki: chota, inamisha kijiko. Ukichuruzika kama chai, bado ni mwepesi. Ukishikilia kwenye kijiko na kuanguka polepole kwa donge, hapo umefika. Halafu uutajirishe: kijiko cha karanga zilizosagwa laini, au mafuta kidogo ya kula, au unga wa dagaa uliokaanga na kuusaga mwenyewe. Unga wenye nafaka saba zilizochanganywa si lazima, nafaka moja iliyochanganywa na kitu cha protini inamfaa zaidi kuliko nafaka saba zilizo peke yake. Wala uji usiwe chakula chake pekee. Ana miezi tisa, anaweza kula viazi vilivyopondwa na maharage, mtori wenye nyama iliyosagwa, wali laini na mchuzi wa samaki uliotolewa miiba, parachichi, yai lililoiva, kipande cha maini kilichopondwa mara moja moja kwa wiki.

Umri huu anahitaji milo mitatu hadi minne kwa siku, kila mlo kama nusu kikombe cha mililita 250, na kitu kidogo katikati kama ndizi au papai. Mtengee bakuli lake mwenyewe, asile kutoka sahani ya mtu mwingine, ili jioni mjue amekula kiasi gani. Dada usimgombeze. Inawezekana kabisa hakuna aliyewahi kumwonyesha, na mtoto anayejazwa chai asubuhi lazima aonekane si mlaji mchana. Jumamosi pikeni pamoja, aone uzito wa uji kwa macho yake, amlishe wewe ukiwa umekaa pembeni. Mwambie asimshike kwa nguvu wala asimkimbize na kijiko. Akigeuza uso, apumzike kidogo ajaribu tena.

Upande wa maziwa, rudia kukamua hata kama ni mara moja kwa siku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mama anayenyonyesha nafasi ya kumlisha mtoto wake wakati wa kazi, hadi saa mbili kwa siku. Kwenda Tabata na kurudi Ilala mchana huenda isiwezekane, lakini ongea na mkuu wako uone kama saa hizo unaweza kuzitumia kukamua na kutoka mapema. Kwa joto la Dar maziwa yaliyokamuliwa yasikae nje ya friji zaidi ya saa nne. Kwenye friji yanakaa mpaka siku nne. Ayanywe kwa kikombe kidogo kilichooshwa vizuri. Na ukifika nyumbani, kabla ya jikoni na kabla ya kuoga, nawa mikono ukae umnyonyeshe ashibe. Baadaye ale chakula cha jioni, na muda wa kulala ukifika anyonye tena. Alfajiri kabla hujatoka, mnyonyeshe hata kama ana usingizi. Jumamosi na Jumapili mpe ziwa mchana mara nyingi uwezavyo, utaona tofauti usiku wake.

Kliniki usisubiri tarehe ya mwezi ujao. Nenda wiki hii na kadi, uwaambie uzito umesimama miezi miwili. Waombe wamwangalie damu, malaria, masikio na mkojo, kwa sababu ugonjwa uliojificha nao unamfanya mtoto akose kuongezeka na aamke usiku.

Kuhusu piritoni, hapana. Sitaki ubaki na shaka hata kidogo hapo. Ile ni dawa ya mzio, na usingizi unaoleta ni madhara yake. Kwa mtoto mdogo inaweza kumlegeza kupita kiasi na kudhoofisha upumuaji. Sirapu za kikohozi na mafua zinazolevya nazo ni hivyo hivyo. Watoto wa jirani wamekua salama, tunashukuru, lakini usimjaribie wa kwako.

Shubiri na safari ya Handeni najua mama mkwe anavitoa kwa upendo, ndivyo wengi tulivyolelewa. Lakini kumkatiza ghafla mtoto ambaye haongezeki, tena kwa kumtenga na mama yake katika umri huu ambao watoto wanalia mama akitoka tu chumbani, ni kumwongezea matatizo mawili kwa mpigo. Mwambie hivi, kwa adabu zote: "Mama, kliniki wamesema uzito umesimama, wametaka aendelee kunyonya mpaka apande. Naomba unisaidie dagaa na karanga za kumsagia." Bibi aliyepewa kazi ya kumlisha mjukuu mara nyingi hana tena muda wa kugombania ziwa.

Baba wa mtoto naye arudi nyumbani. Mwonyeshe kadi, mstari huo ataelewa bila maneno mengi. Maziwa hana, lakini anaweza kumbeba mtoto akinyonya akamaliza, amcheulishe, amrudishe kulala. Jumamosi alfajiri amchukue kuanzia saa kumi na moja wewe ulale mpaka saa tatu. Siku za kazi lala pamoja na mtoto, saa tatu usiku, vyombo vioshwe na wengine. Kochi liache kabisa: mama aliyechoka akisinzia kwenye kochi, mtoto anaweza kubanwa kati ya mwili wake na mto wa kochi akakosa hewa. Kama unajijua utasinzia, nyonyesha umelala kitandani, godoro gumu, mito na mablanketi mbali na uso wake, chandarua kimechomekwa vizuri, na asiwepo kitandani mtu aliyevuta sigara au kulewa.

Fanya hayo kwa wiki kadhaa. Huenda mizunguko miwili ya usiku ikaanguka yenyewe bila wewe kukata kitu. Mstari ukianza kupanda tena na akakaribia mwaka, ndipo tunaingia kwenye hiyo iliyobaki, na tunakwenda mmoja mmoja.

Kwanza msikilize anavyonyonya. Mwenye njaa anavuta kwa nguvu na unasikia akimeza, glup, glup, dakika nyingi. Anayetafuta usingizi anavuta mara chache, halafu anabaki anachezacheza na chuchu macho yamefumba. Anza na ule ambao anameza kidogo zaidi. Kama alikuwa ananyonya dakika nane, mpe sita kwa usiku mbili tatu, kisha nne, kisha mbili, halafu uuache. Wakati huo akiamka, baba ndiye aende: harufu ya maziwa hana, na mtoto akimwona haanzi kutafuta kifua. Ampigepige mgongoni, amwimbie taratibu, amnyweshe maji machache kwa kikombe. Taa isiwashwe, mazungumzo yasiwepo. Atalia, ndiyo, ila atalia mikononi mwa mtu wake. Ukishazoeleka huo, ngoja usiku kadhaa kabla ya kugusa mwingine, na ule wa alfajiri uuache mwisho kabisa. Akipata homa, akiharisha au dada wa kazi akibadilika, simamisha zoezi, umnyonyeshe, mtaendelea baadaye. Na hiyo ni ya usiku tu, mchana anaendelea kunyonya mpaka miaka miwili na zaidi kama kliniki walivyokwambia.

Matiti yatajaa siku za mwanzo. Kamua kidogo ya kupunguza maumivu, usiyamalize, maana ukiyamaliza mwili utatengeneza mengine. Usiyafunge kwa kanga. Ukiona sehemu nyekundu, ngumu, yenye moto, na homa juu yake, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Limebaki la uzazi wa mpango, ambalo umeliweka mwishoni kama la kuombea radhi. Kunyonyesha kunazuia mimba kwa uhakika pale tu masharti matatu yanapokuwepo pamoja: mtoto hajafika miezi sita, hedhi haijarudi, na mtoto ananyonya maziwa ya mama tu, mchana na usiku, bila kukaa muda mrefu katikati. Wa kwako ana miezi tisa, anakula, na unakaa siku nzima mbali naye. Hauna kinga tena. Yai linaweza kupevuka kabla hujaona hedhi hata moja, kwa hiyo kusubiri siku zirudi si kipimo. Na unapopunguza kunyonyesha usiku, uwezekano unazidi. Hapo kliniki pima mimba kwanza, kwa sababu mimba changa nayo hupunguza maziwa, na mtoto akikuta maziwa yamepungua anashinda kwenye ziwa. Kama hakuna, waulize kuhusu kitanzi, kipandikizi, sindano au vidonge vya kichocheo kimoja, vyote hivyo mama anayenyonyesha anaweza kutumia. Nenda na mume wako, msikilize pamoja.

Ukishampima mwezi ujao, niandikie uzito uliosoma pale kliniki na anavyokula mchana, tuangalie kama tuanze na ule wa saa tano au tusubiri.